Bolti Kumi na Sita za Brasi

Machi 3

Mwalimu wa fizikia ametupa kazi ya muhula mzima: chagua vitu viwili vya kujengea, vilinganishe mpaka mvua ziishe, andika kila unachokiona, hata ukidhani si kitu. Tunamwita Kipimo kwa sababu hata chaki huipima kwa rula kabla ya kuanza somo. Wenzangu wamechagua mbao na mianzi, matofali ya kuchoma na ya saruji. Mimi nilipoinua mkono sauti haikutoka. Ikabidi nimwandikie kwenye karatasi: brasi na chuma cha ujenzi.

Nyumbani tuko watatu, wote wanawake: Bibi, Mama na mimi. Mama ni fundi wa kukereza vyuma. Karakana yake ni chumba cha mbele, na mashine ikianza kuzunguka asubuhi hata vikombe kabatini huitikia. Brasi ni ile shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Chuma cha ujenzi ni kile cha nguzo na pembe, kinachobeba mapaa, madaraja na tangi letu la maji.

Nina sababu ya kuchagua hivyo. Desemba iliyopita bolti za chuma zilizoshika mnara wa tangi letu zilikuwa zimeliwa na kutu hadi Mama akazikata kwa msumeno, na mteja amesimama pale pale anatazama. "Fundi vyuma mzima, na kwako ndiyo hivi?" mteja alisema. Mama hakula mchana ule. Nikaenda maktaba, nikarudi na kitabu, nikamsomea kwa kupiga kelele maana mashine ilikuwa inanguruma: brasi haishiki kutu, hata penye maji! Mama akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Wiki ile ile akakereza bolti kumi na sita za brasi. Tangu hapo huniita Msomi Wangu, na watu huchungulia uani kwetu kuona mnara wenye vifungo vya dhahabu.

Sasa mkuu wa shule naye anataka bolti thelathini na mbili za namna hiyo kwa tangi la shule, lile lililo nyuma ya vyoo vya wasichana. Kazi yangu itaonyesha kwa vipimo kwamba tulichagua vizuri.

Machi 8

Nimepima uzito, na ujazo kwa kuzamisha majini. Mama alinikatia fito nane bapa, nne za brasi na nne za chuma, urefu, upana na unene sawasawa. Brasi ni nzito zaidi kidogo: ujazo mmoja wa brasi ni mara nane na nusu ya maji, chuma ni mara saba na nukta nane. Sumaku inashika chuma, brasi inaipa mgongo.

Bibi alizichukua mbili, moja kila mkono, akafumba macho. "Hii ya manjano ndiyo nzito. Ungeniuliza mimi, mke mwenzangu, usingechafua maji yote haya." Bibi huniita mke mwenziwe tangu nizaliwe. Babu sikumkuta, lakini Bibi anasema ninamdai zamu.

Machi 14

Mvua imeanza. Imeanza kama mtu aliyekasirishwa njiani.

Machi 17

Leo nilifanya jaribio la kupinda mbele ya darasa. Unabana ufito ukingoni mwa meza, unaning'iniza tofali, unapima umeshuka kiasi gani. Chuma kilishuka milimita saba. Brasi ilishuka kumi na nne. Nikapima mara ya pili nikidhani nimekosea. Kumi na nne.

"Dhahabu imelegea!" alisema Redio, msichana wa dawati la nyuma ambaye hajawahi kuzimwa. Darasa likacheka. Nikatazama viatu vyangu mpaka kengele ikalia.

Mama nilipomwambia hakushtuka. "Kupinda si kuvunjika. Bolti haikai kwenye mnara kwa kupinda, inakaa kwa kubanwa. Kutu ndiyo inayoua, mwanangu. Andika hivyo."

Nimeandika hivyo.

Machi 20

Mwalimu Kipimo anataka jaribio refu: fito zikae zimepinda chini ya uzito msimu wote. Jozi moja nimeiweka darasani, juu ya kabati. Jozi ya pili lazima ikae nyumbani, mahali penye unyevu lakini mvua isipopiga moja kwa moja. Kwetu mahali pa namna hiyo ni pamoja tu: chini ya mnara wa tangi.

Huko kuna wenyeji wapya. Banda la kuku la Bibi liliingia maji juzi, basi akawahamisha kuku wote kumi na wanne chini ya tangi, akazungushia mabati pande tatu. Asubuhi huweka kigoda chake katikati yao, hunywa chai na kuwasimulia mambo ya majirani. Nikamwomba anipishe kona. "Weka vyuma vyako," alisema, "lakini jogoo akiuliza kodi, mimi simo."

Machi 28

Chuma cha nyumbani kimeanza madoa ya kutu. Brasi inang'aa vile vile. Nilimwonyesha Mama, akatabasamu bila kuacha kazi.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 5

Mvua. Mfereji wa paa unamimina kwenye tangi mchana kutwa. Ni la lita elfu mbili, na limejaa hadi linafurika. Mama anasema hajaona likijaa mapema hivi.

Aprili 11

Sakafu ya kuku imelowa na haikauki. Harufu ya kinyesi inawasha macho na kukwaruza koo. Bibi anasema pua yake ilishastaafu. Ufito wa brasi umefifia na una utando mwembamba wa rangi ya samawati. Nilimwita Mama aone. Akafuta kichwa cha bolti moja ya mnara kwa pindo la ovaroli, kikarudi kung'aa. "Unaona? Uchafu tu huo."

Bolti za shule amefikia ya ishirini.

Aprili 15

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio kama Mwalimu anavyotaka.

Saa moja asubuhi nilikwenda kupima. Tofali la upande wa chuma lilikuwa linaning'inia kama kawaida, ufito wake umekuwa mwekundu wote kwa kutu, wa kutisha kuutazama. Tofali la upande wa brasi lilikuwa chini, kwenye matope. Nikadhani kamba imekatika. Kamba ilikuwa nzima. Ufito ndio uliokatika, pale pale ulipopinda, kama biskuti. Haukuanza kwa kulegea. Jana jioni nilipima, milimita kumi na nne zile zile.

Nilisimama na vipande viwili mikononi.

"Bibi, nani amegusa?"

"Aguse nani? Mimi nimeingia sasa hivi na chai yangu."

"Basi kuku amerukia."

Bibi akageuka kuwatazama kuku wake mmoja mmoja kama hakimu. "Yupi? Huyu mwenye mguu mbovu? Mjukuu wangu, kuku wa kuvunja chuma nitampeleka jeshini."

Nilivipeleka vipande shuleni. Mwalimu Kipimo alivitazama kwa lenzi muda mrefu, kisha akaenda kuutazama ufito wa brasi wa darasani. Mzima. Umepinda, basi. "Una fito mbili za brasi zilizobaki," alisema. "Rudia. Mahali pale pale, tofali lile lile."

Mama nilimwambia kwa kifupi. Alisema labda ufito ule ulikuwa na ufa tangu dukani. Akaendelea kukata hesi, yaani mistari inayoshika nati, kwenye bolti ya ishirini na tano.

Aprili 16

Nimeweka ufito wa pili. Nimezungushia waya ili asiwepo wa kusingiziwa.

Aprili 20

Mvua. Ufito mzima.

Aprili 23

Mvua. Ufito mzima. Mama amemaliza bolti thelathini na mbili, amezipanga dirishani. Mkuu wa shule atazifuata tarehe mbili.

Aprili 28

Umevunjika. Siku kumi na mbili tu. Waya haujaguswa, kuku wote wako kwao, tofali liko kwenye matope, na brasi imekatika kwa namna ile ile.

Mwalimu Kipimo alikuwa ananisubiri na kitabu chake cha chuoni, kile ambacho jalada lake limeshikwa na gundi. Alinikalisha maabara wakati wengine wako mapumziko, akanieleza taratibu. Brasi iliyovutwa au kukunjwa ikiwa baridi inabaki na mkazo ndani yake. Ukiibana, unauongeza. Sasa iweke penye unyevu na hewa ya amonia, yaani ile harufu kali ya kinyesi na mkojo, na nyufa nyembamba zitaanza kupenya kati ya chembe zake. Hakuna kutu wala dalili ya kupinda. Zamani watu waliligundua jambo hili msimu wa mvua, kwa vitu vya brasi vilivyowekwa karibu na mazizi ya farasi. Walivikuta vimepasuka na hakuna aliyevigusa.

"Na kitu kilichobanwa tu, Mwalimu? Hakijaning'inizwa uzito?"

"Kubanwa kunatosha." Alivua miwani. "Mbona unauliza? Unaijua brasi nyingine iliyo mahali kama hapo?"

Nilisema, "Hapana, Mwalimu."

Sijawahi kumdanganya mwalimu maishani mwangu. Akilini nilimwona Mama amesimama mbele ya mkuu wa shule na bolti zake, na mtu anasema, fundi vyuma mzima. Mdomo ukajibu kabla yangu.

Niliporudi nyumbani Bibi alikuwa chini ya tangi, kwenye kigoda, anachambua maharage. Juu yake maji ya tani mbili. Bolti, Mama alikuwa amezifuta zote, zilikuwa zinang'aa kama siku ya kwanza.

Aprili 29

Asubuhi nilimwambia Bibi ahamie sebuleni. Akauliza kwa nini. Nikasema nimeona panya mkubwa chini ya tangi.

"Mwambie aje tunywe chai. Upande wa kushoto pana nafasi."

"Bibi, tafadhali."

"Una nini wewe? Umekuwa kama uliyemwagiwa unga. Kuku hawa nikiwaacha peke yao watadonoana."

Mchana Mama aliniita karakana. Alikuwa amenawa mikono, jambo ambalo halifanyi kabla ya jioni. Alinipa bolti moja ya shule. Kichwani mwake, kwa nukta ndogo ndogo, alikuwa amegonga mchoro wa kitabu kilichofunguliwa.

"Hii ni moja tu," alisema. "Itakaa juu kabisa, hakuna atakayeiona. Lakini wewe utajua."

Nilishukuru. Nikaenda chooni nikalia. Kisha nikarudi, nikasimama mlangoni, nikafungua mdomo. Mama akainua macho: "Ehe?" Nikasema, "Chakula tayari." Hakikuwa tayari.

Aprili 30

Nimemwambia.

Asubuhi nilikuta Bibi ameshatangulia uani na mwavuli. Mvua ilikuwa kubwa, tangi linafurika hadi maji yanateremka kwenye miguu ya mnara. Nilikwenda moja kwa moja karakana na vipande vinne vya brasi, nikaviweka juu ya mashine. Nilizungumza nikitazama vipande, sikumtazama Mama, na sikunyamaza mpaka nilipofika mwisho: amonia, mkazo, mazizi, na kwamba Mwalimu ameniuliza nami nimesema hapana.

Mama alichukua vipande viwili akavikutanisha, vikashikana sawasawa kama havijawahi kuachana.

"Ni wewe uliyenisomea," alisema.

"Ni mimi."

"Ulisoma mara mbili."

"Nilisoma sentensi moja mara mbili, Mama. Sikuendelea."

Nilingoja anipige, ingawa hajawahi kunipiga. Alichukua spana akatoka. Nilimkimbilia. Uani alimwambia Bibi kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, ingia ndani."

"Na wewe umeona panya?" Bibi akauliza.

"Ingia ndani, Mama. Sasa hivi."

Bibi alimtazama binti yake usoni, akainuka, akaacha hata kikombe. Nilimshika mkono. Tulisimama kwenye kibaraza. Mama aliweka spana kwenye bolti ya mguu wa karibu, akaivuta kidogo tu, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Kichwa cha bolti kilitoka. Kilikaa ndani ya spana, kinang'aa, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Mama alikitazama kama mtu aliyeshika kidole chake mwenyewe.

Akajaribu ya pili. Ikashika. Ya tatu ikatoka kwa mkono mtupu, bila spana.

"Fungua maji!" alipiga kelele. "Fungua bomba la chini, yote!"

Nilikimbia. Sijui nilipitaje. Bomba liko upande wa ukuta, lakini ni lazima upite chini ya tangi kulifikia, na nilipita, na kuku walikuwa wanapiga mabawa miguuni mwangu. Niliuvunja ukucha kwa kufungua. Maji yalitoka kwa kishindo, yakabeba kinyesi, maharage, kigoda cha Bibi, yakatoka navyo hadi barabarani. Mama alikuwa ananiita kwa jina langu la utotoni. Niliporudi kibarazani alinishika mabega akanitikisa, kisha akanikumbatia kwa nguvu hadi spana ikaniumiza mgongo.

Tangi lilichukua karibu nusu saa kuisha maji. Tulisimama watatu tukalitazama.

Kisha Mama akazikagua zote. Kati ya kumi na sita, saba zilikuwa zimeshakatika ndani. Zilikuwa zimekaa mahali pake kwa kubanwa na vyuma vya pembeni tu. Saba. Bibi amekaa hapo siku arobaini na moja, nimezihesabu kwenye daftari hili.

Bibi alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo panya alikuwepo."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mei 1

Mama hakuwasha mashine leo. Vikombe vimenyamaza kabatini na nyumba imekuwa ngeni. Amekaa mbele ya dirisha lenye bolti thelathini na mbili. Nilidhani amenikasirikia. Jioni aliniuliza, "Tangi la shule, wanaosimama chini yake ni wangapi?"

Nikasema wakati wa mapumziko foleni ya vyoo hufika arobaini.

Akazipangua bolti kutoka dirishani moja moja, akazitia kwenye debe.

Mei 2

Mkuu wa shule hakuja kwetu. Sisi ndio tuliokwenda. Mama alivaa gauni lake la kutokea, mkononi ana kile kichwa cha bolti kwenye karatasi. Mkuu wa shule alitukaribisha ofisini, na Mwalimu Kipimo akaitwa. Mama alikiweka kichwa mezani.

"Nimekuja kusema sitawaletea nilichowaahidi," alisema. "Nilikosea kwangu, nikakaribia kukosea kwenu. Nitawakatia za chuma. Zitashika kutu. Kila mwisho wa mvua nitakuja mwenyewe kuzikwangua na kuzipaka rangi, na iliyoliwa nitaibadilisha."

Mkuu wa shule alikigeuza kile kichwa. "Lakini hiki ni kizuri mno."

"Ndiyo," Mama alisema. "Hata siku ile kilikuwa kizuri."

Halafu ilikuwa zamu yangu. Nilimwambia Mwalimu kwamba nilimdanganya. Masikio yalikuwa yanaungua. Alisogeza miwani, akauliza kilichotokea siku kwa siku, na nilipofika kwenye zile saba akakaa kitini kwa ghafla, kama mtu aliyekatwa miguu. "Siku mbili," alisema. "Ulikaa nalo siku mbili." Hakusema zaidi. Ningependa angesema zaidi.

Mei 9

Nimesoma ripoti yangu mbele ya darasa. Sauti ilitoka, ndogo lakini ilitoka. Nilisema brasi hukerezwa kwa urahisi, haishiki kutu, hupitisha umeme na joto vizuri kuliko chuma, na kwa bomba na vitasa ningeichagua hata leo. Nilisema chuma cha ujenzi ni kigumu kupinda mara mbili yake na huoza waziwazi, mtu akakiona akiwa mbali. Kisha nikawapitishia vile vipande vinne.

Redio alivishika vyote. Akafungua mdomo, akaufunga. Mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza. Baadaye kwenye foleni ya vyoo nilimwona amesimama pembeni, anatazama juu.

Mei 17

Mvua zimepungua. Kuku wamerudi kwenye banda lao lililoinuliwa kwa matofali ya jaribio langu. Bibi amepata kigoda kipya na analalamika kwamba hakimjui.

Mnara umesimama kwa bolti za chuma, za rangi ya kijivu, mbaya kweli. Hakuna anayechungulia uani kwetu tena. Bolti za brasi Mama anazikereza upya kuwa vipuri vya mabomba. Moja tu hakuigusa, ile yenye kitabu. Imening'inia kwa uzi juu ya mashine.

Asubuhi hii alikuwa anakata hesi za bolti za shule. Nilipita na kitabu cha maktaba, kile cha Desemba, nakirudisha. Akaniona.

"Hicho ndicho?"

"Ndicho."

"Sura ile ya brasi ina kurasa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kaa," alisema. "Nisomee zote, na usiruke."

Nikakaa kwenye debe lililopinduliwa, nikafungua, nikavuta pumzi ili sauti ishinde ngurumo ya mashine. Mama akanyoosha mkono, akaizima.